Kesi Kufutwa kwa Kukosa Mamlaka Si Sawa na Mdai Kushindwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua niseme machache kuhusu namna magazeti yetu yanavyoripoti kesi za madai zinazofunguliwa katika mahakama za shirikisho za Marekani. Habari nyingi za aina hiyo huja na kichwa kinachosema kwamba mdai kaangukia pua, au kwamba kampuni fulani imeponea, na msomaji anayeishia kwenye kichwa hicho huondoka akiamini kwamba jaji amepima ushahidi wa pande zote mbili na kuuona wa mdai haufui dafu. Ukiisoma habari yenyewe hadi mwisho, mara nyingine unakuta jaji hakugusa ushahidi wa mtu yeyote. Alichoamua ni kwamba mahakama yake haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo, basi. Mdai wa namna hiyo hajashinda wala hajashindwa. Kwa kawaida anaweza kulipeleka dai lile lile katika mahakama ya jimbo, ilimradi muda uliowekwa na sheria wa kufungua madai haujampita, na huko akasikilizwa kuanzia mwanzo.

Nadhani chanzo cha upotoshaji huu ni dhana kwamba mahakama ya shirikisho ni mkubwa wa mahakama ya jimbo, kwa hiyo kesi nzito huenda kwa mkubwa na kesi nyepesi hubaki kwa mdogo. Sivyo. Hizi ni nyumba mbili zilizojengwa kwenye kiwanja kimoja, kila moja na mlango wake, wala si ghorofa moja yenye chini na juu. Mahakama za majimbo ndizo zenye mamlaka mapana: zinapokea kesi za mikataba, ajali, ardhi, talaka na mirathi, na hata sehemu kubwa ya madai yanayotokana na sheria za shirikisho zenyewe, isipokuwa aina chache kama hataza, hakimiliki na ufilisi, ambazo Bunge la Marekani limezitengea mahakama za shirikisho peke yake. Mzigo mkubwa wa kesi za madai nchini humo unabebwa na majimbo. Mahakama za shirikisho, ambazo katika ngazi ya kufungulia kesi ni mahakama 94 za wilaya, zina mamlaka yenye mipaka, na kila shauri linalofika mbele yake huchukuliwa kuwa liko nje ya mipaka hiyo mpaka aliyelileta aonyeshe kwamba limo ndani.

Mamlaka hayo yanatoka sehemu mbili, na zote mbili lazima ziwepo. Ibara ya 3 ya Katiba ya Marekani inataja aina za mashauri ambayo mahakama za shirikisho zinaweza kupewa: yanayotokana na Katiba, sheria za shirikisho na mikataba ya kimataifa, yanayohusu mabalozi, ya baharini, yale ambayo serikali ya shirikisho ni upande mmojawapo, ya jimbo dhidi ya jimbo, ya raia wa majimbo tofauti, na mengine machache. Lakini Katiba hiyo iliunda mahakama moja tu, yaani Mahakama ya Juu, na kuliachia Bunge uamuzi wa kuunda au kutounda mahakama za chini yake. Bunge ambalo lingeweza kutoziunda kabisa linaweza pia kuziunda na kuzipa sehemu tu ya kile kinachoruhusiwa na Katiba, na ndivyo lilivyofanya. Sheria ya Mahakama ya mwaka 1789 ilizipa mashauri ya raia wa majimbo tofauti yenye thamani inayozidi dola 500, lakini haikuzipa mamlaka ya jumla ya kusikiliza madai yanayotokana na sheria za shirikisho. Mamlaka hayo ya jumla yalitolewa mwaka 1801, yakafutwa mwaka uliofuata katika vuta nikuvute za vyama, na hayakurudi hadi mwaka 1875. Kwa zaidi ya miaka 80 ya mwanzo ya taifa hilo, basi, mtu mwenye dai chini ya sheria ya shirikisho mara nyingi alianzia katika mahakama ya jimbo lake, na hakuna aliyeona ajabu.

Njia ya kwanza ya kuingia katika mahakama hizo leo ni hiyo ya mwaka 1875: dai liwe limetokana na sheria ya shirikisho. Inaonekana nyepesi, lakini hapa ndipo waripota wetu wanapoteleza zaidi, kwa sababu haitoshi sheria ya shirikisho kutajwa mahali fulani katika kesi. Kesi inayolionyesha jambo hili vizuri kuliko nyingine zote ni ya Erasmus Mottley na mkewe Annie, wa Kentucky, ambao waliumia katika ajali ya treni mwaka 1871. Ili wasiidai fidia, kampuni ya reli ya Louisville and Nashville iliwapa haki ya kusafiri bure maisha yao yote, hati ikihuishwa mwaka hadi mwaka, nao wakasafiri bure kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1906 Bunge likapiga marufuku tiketi za bure, na kampuni ikakataa kuihuisha hati yao. Wakafungua kesi katika mahakama ya shirikisho wakidai kwamba mkataba umevunjwa, na wakaongeza katika hati ya madai kwamba kampuni itajificha nyuma ya sheria mpya, ilhali sheria hiyo haiwahusu, au kama inawahusu basi inakiuka Katiba.

Walishinda. Kampuni ikakata rufaa hadi Mahakama ya Juu, mawakili wa pande zote wakajiandaa kubishana juu ya tiketi, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amehoji kama mahakama ya chini ilikuwa na mamlaka. Majaji wakalihoji wenyewe, na mwaka 1908 wakaamua kwamba haikuwa nayo. Dai la akina Mottley lilikuwa la kuvunjwa kwa mkataba, na mkataba ni jambo la sheria ya jimbo. Sheria ya shirikisho iliingia tu kama utetezi ambao wadai walitabiri kwamba ungeletwa. Mamlaka hupimwa kwa kile mdai anachodai, si kwa kile anachotarajia kwamba mdaiwa atajibu. Mume na mke wakaanza upya katika mahakama ya Kentucky, wakashinda tena, kesi ikapanda tena hadi Mahakama ya Juu, na safari hii, mwaka 1911, majaji wakalijibu lile swali la tiketi na kuipa ushindi kampuni. Mtu anaweza kuuliza kwa nini hawakulijibu mwaka 1908, wakaokoa miaka mitatu ya watu. Jibu ni kwamba Mahakama ya Juu inaweza kupitia hukumu ya mwisho ya mahakama ya jimbo pale penye swali la sheria ya shirikisho, lakini haiwezi kubariki hukumu ya mahakama ya chini ambayo haikuwa na ruhusa ya kuitoa. Mimi naona walifanya sawa, ingawa nisingependa kuwa mimi niliyeambiwa nirudi mwanzo.

Njia ya pili haijali dai limetokana na sheria gani. Inajali wenye kesi ni raia wa wapi. Imekuwepo tangu mwaka 1789, na sababu inayotolewa siku zote ni hofu kwamba mahakama ya jimbo ingempendelea mwenyeji dhidi ya mgeni. Ina masharti mawili. Kwanza, thamani ya kinachobishaniwa izidi dola 75,000 bila kuhesabu riba na gharama za kesi. Anayedai dola 75,000 kamili hajafika. Pili, asiwepo mdai hata mmoja ambaye ni raia wa jimbo moja na mdaiwa yeyote. Sharti hili la pili lilitamkwa na Jaji Mkuu John Marshall mwaka 1806 katika kesi ya Strawbridge dhidi ya Curtiss, na ni kali kuliko linavyosikika: wadaiwa wanaweza kuwa 10 kutoka majimbo 10, lakini mmoja wao akiwa jirani wa mdai, njia imefungwa kwa wote. Bunge limelilegeza kwa baadhi ya mashauri, hasa kwa sheria ya mwaka 2005 inayohusu kesi kubwa za kundi, yaani za watu wengi wanaodai kwa pamoja, ambapo madai yakizidi jumla ya dola milioni 5 inatosha mdai mmoja tu atofautiane kiuraia na mdaiwa mmoja.

Uraia unaozungumzwa hapa ni wa jimbo, na kwa mtu wa kawaida hupatikana kwa kuwa na makazi ya kudumu mahali pamoja na nia ya kubaki hapo. Mwanafunzi wa Ohio aliyepanga chumba Massachusetts kwa miaka minne na anayekusudia kurudi kwao bado ni wa Ohio. Kwa kampuni iliyosajiliwa kama shirika, sheria tangu mwaka 1958 inaipa uraia wa jimbo ilikosajiliwa na pia wa jimbo lenye kitovu cha shughuli zake. Kampuni ya kukodisha magari ya Hertz ilipobishania kitovu hicho kiko wapi, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2010 kwamba ni pale wakuu wa kampuni wanapoiongoza na kuiratibu, ambapo kwa kawaida ni makao makuu, hata kama biashara kubwa zaidi inafanyika California.

Penye tabu kweli ni kwenye kampuni za ubia zenye dhima yenye ukomo, ambazo siku hizi zimejaa kila mahali. Hizo hazina uraia wa zilikosajiliwa. Zina uraia wa kila mwanachama wake, yaani kila mmiliki. Wakili anayetaka kuishtaki kampuni ya aina hiyo anaanza kupekua: mwanachama ni kampuni nyingine ya namna hiyo hiyo, ambayo wanachama wake ni ubia wa wawekezaji, ambao miongoni mwao yumo mzee mmoja aliyestaafu Florida, na iwapo mdai naye ni wa Florida, mlolongo wote umekatika kwa sababu ya mzee huyo ambaye pengine hata hajui kwamba kuna kesi. Kwa muda mrefu habari za wanachama zilikuwa siri ya kampuni, na kasoro iligunduliwa baada ya kesi kusikilizwa hadi mwisho. Tangu Desemba 2022 kanuni za mwenendo wa mashauri ya madai zinalazimisha kila upande, katika kesi zinazotegemea uraia, kutaja mapema majina na uraia wa wote ambao uraia wao unahesabiwa kuwa wake. Ilichelewa mno, kwa maoni yangu, lakini imesaidia.

Kuna jambo moja ambalo wasomaji wenye jamaa Marekani wangefaidika kulijua. Mgeni anaweza kumshtaki raia wa jimbo la Marekani kwa njia hii, au kushtakiwa naye, lakini mgeni aliyepewa ukaazi wa kudumu na anayeishi jimbo lile lile la mwenzake hawezi. Sheria inamchukulia kama jirani, na kesi yao ni ya mahakama ya jimbo. Kinyume chake, Mmarekani aliyehamia nje moja kwa moja habaki na uraia wa jimbo lolote, kwa hiyo njia hii haimhusu kama mdai wala kama mdaiwa. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ilikutana na mdaiwa wa aina hiyo, Mmarekani mwenye makazi Caracas, nchini Venezuela, na ikabidi aondolewe katika kesi ili wengine waliobaki waweze kuendelea. Pia talaka, malezi ya watoto na kuthibitisha wosia huachwa kwa majimbo hata pale ambapo uraia unatofautiana na fedha ni nyingi.

Sehemu kubwa ya vita ya mamlaka haitokani na mdai kuchagua mlango usio wake, bali na mdaiwa kumhamisha. Mdai akifungua kesi katika mahakama ya jimbo, mdaiwa, na mdaiwa peke yake, anaweza kuihamishia mahakama ya shirikisho ikiwa ingeweza kufunguliwa huko tangu mwanzo. Ana siku 30 tangu apokee hati, na kwa kawaida wadaiwa wenzake wote sharti wakubali. Kama kinachotegemewa ni tofauti ya uraia, hawezi kuihamisha iwapo mmoja wa wadaiwa ameshtakiwa jimboni kwao mwenyewe, kwa kuwa hapo ile hofu ya ugeni haipo. Mawakili wa wadai wanazijua kanuni hizi kama kiganja cha mkono: wanaomba fidia iliyo chini kidogo ya dola 75,000, au wanamwongeza muuzaji wa jimboni kando ya kiwanda cha mbali. Mawakili wa kampuni nao hujibu kwamba muuzaji huyo amewekwa kwa hila. Jaji akikubaliana na mdai, anairejesha kesi jimboni, na hapo tena magazeti huandika kwamba kampuni imeshindwa, ilhali imeshindwa kuchagua uwanja tu.

Hukumu ya Januari 2025 dhidi ya kampuni ya chakula cha wanyama ya Royal Canin imeupa mvutano huu sura mpya. Mnunuzi wa Missouri alikuwa amefungua madai katika mahakama ya jimbo, mengine chini ya sheria ya jimbo na mengine chini ya sheria ya shirikisho, akisema chakula cha mbwa kinachouzwa kwa cheti cha daktari wa mifugo tu hakikustahili masharti hayo. Kampuni ikaihamishia kesi mahakama ya shirikisho, ambayo ikiwa na dai moja la shirikisho huruhusiwa kuyabeba na madai ya jimbo yanayotokana na tukio lile lile. Mdai akaifanyia marekebisho hati yake na kufuta kila kinachohusu sheria ya shirikisho. Mahakama ya Juu, majaji wote 9 wakiwa kauli moja, ikasema kwamba mzizi ukishang'olewa hakuna kilichobaki cha kushikilia matawi, na kesi ikapaswa kurudi jimboni. Nimeona uamuzi huu ukielezwa kama ushindi wa wateja dhidi ya watengenezaji. Hakuna jaji aliyesema lolote kuhusu ubora wa chakula hicho wala bei yake.

Kinachowashangaza wengi zaidi ni kwamba wenye kesi hawawezi kuipa mahakama mamlaka kwa kukubaliana. Mdaiwa anaweza kuridhia kushtakiwa katika jimbo ambalo hana uhusiano nalo, kwa kuwa kinga hiyo ni yake binafsi na asipoidai mapema anaipoteza. Mamlaka juu ya aina ya shauri si ya mtu. Ni mgawanyo wa madaraka kati ya shirikisho na majimbo, na jaji analazimika kuihoji wakati wowote anapoona shaka, hata kama pande zote zimenyamaza. Mwaka 1804 mdai aitwaye Capron, aliyekuwa ameshindwa katika mahakama ya shirikisho huko North Carolina, alikwenda Mahakama ya Juu akilalamika kwamba hati yake mwenyewe haikuonyesha uraia wa pande zote. Kosa lilikuwa lake, na bado hukumu iliyompinga ikabatilishwa. Wapo wanaoiona kanuni hii kuwa mchezo wa kuigiza unaotafuna muda na fedha za watu, na sitawabeza, kwa kuwa gharama yake ni ya kweli. Hata hivyo mahakama inayojiongezea madaraka pale inapoona inafaa ni hatari kubwa kuliko kesi moja kusikilizwa mara mbili.

Nikiwa na lawama, ninaielekeza kwa Bunge la Marekani. Kiwango cha dola 75,000 kiliwekwa kwa sheria ya mwaka 1996 na hakijaguswa tangu hapo, huku thamani ya dola ikishuka mwaka hadi mwaka, kwa hiyo kesi za ajali na bima ambazo wakati ule zingebaki jimboni sasa zinavuka kizingiti bila mtu yeyote kuamua kwamba zivuke. Na zikishavuka, jaji wa shirikisho hatumii sheria tofauti. Tangu hukumu ya mwaka 1938 ya Harry Tompkins, aliyekatika mkono wa kulia kando ya reli huko Hughestown, Pennsylvania, jaji wa shirikisho katika kesi za uraia lazima afuate sheria ya jimbo kuhusu haki na wajibu wa wenye kesi, pamoja na maamuzi ya mahakama za jimbo hilo. Tompkins alikuwa amepewa dola 30,000 na baraza la wazee wa mahakama chini ya kanuni ambayo majaji wa shirikisho walijitungia wenyewe. Mahakama ya Juu ikaitupa kanuni hiyo na kuirudisha kesi iamuliwe upya kwa sheria inayohusika ya jimbo.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo. Mnapoandika kwamba kesi imefutwa au imerejeshwa, semeni imefutwa kwa sababu gani na imerejeshwa wapi, kisha mtaje kama mdai bado anaweza kuifungua kwingine. Sentensi kama "jaji wa shirikisho ameirejesha kesi katika mahakama ya Missouri kwa kuwa mdai na mmoja wa wadaiwa ni raia wa jimbo hilo" haichukui nafasi kubwa kuliko "kampuni yagonga mwamba", na msomaji atakayeisoma atajua kwamba swali la nani ana haki bado halijajibiwa na kwamba jibu litatoka Missouri.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi